Nina laki nne na ishirini nataka kuanza kupiga picha: nichukue kamera ya mkononi Kariakoo au nibaki na simu?

#1 DogoYombo
Wakuu habari za jioni. Nina miaka 21, nipo Yombo, Dar. Nilimaliza kidato cha sita mwaka jana, sasa hivi nafanya kazi steshenari kwa jamaa mmoja, natoa kopi, naprinti, na pasipoti saizi napiga mimi kwa kamera ya bosi. Hiyo pasipoti saizi ndo imeniingizia huu ugonjwa, mtu anakaa pale dakika moja tu lakini kuna nyuso nikishazipiga nabaki naziangalia kwenye kompyuta hata mwenyewe akishaondoka. Kamera ya bosi haitoki dukani.

Nimejichanga kwenye kibubu miezi minane nimefikisha 420,000. Kuna jamaa Kariakoo anauza Canon 1100D na lenzi yake ya 18-55 kwa laki tatu na themanini, mkononi lakini anasema haijatumika sana. Rafiki yangu ananiambia nisipoteze hela, Tecno yangu inatosha. Mama anasema ninunue cherehani ndogo tufanye biashara. Naombeni ushauri wa kweli maana hii hela ikienda vibaya sina nyingine.

#2 Mkoloni wa Mbagala
Naweka kambi hapa, na mimi nina swali hilohilo.

#3 Tarakimu
Dogo achana na 1100D, hiyo ni kamera ya 2011, megapikseli 12 tu na video yake ni 720. Ongeza kidogo utafute Nikon D3200, ina megapikseli 24. Mara mbili yake. Mwaka huu nani bado anatumia 12?

#4 Fundi Kimara
@Tarakimu naheshimu mchango wako ila hapo kwenye megapikseli unampoteza kijana. Picha ya saizi ya A4 ikiprintiwa vizuri kabisa inahitaji kama megapikseli 9 hivi, ukikokotoa kwa nukta 300 kwa inchi. Sasa niambie huyu dogo lini ataanza kuprinti kubwa kuliko A4? Wateja wake wataziona picha kwenye WhatsApp ambayo yenyewe inazibana zinabaki kiduchu.

Shida ya huo mzigo wa Kariakoo ni lenzi siyo bodi (kamera yenyewe bila lenzi). Hiyo 18-55 ukiivuta mpaka 55 inafunguka f/5.6 tu (namba ya f ikiwa ndogo ndo tundu linafunguka zaidi na mwanga unaingia mwingi), na harusi zetu zinafanyika usiku kwenye kumbi zenye taa za zambarau. Lenzi ya 50mm f/1.8 inaingiza mwanga karibu mara kumi ya hiyo, mara kumi ndugu zangu, siyo kidogo. Ndo tofauti ya picha ya bibi harusi anayeonekana macho na picha ya kivuli kinachocheza. Hiyo Canon 50mm STM imetoka 2015 kwa hiyo mkononi zipo nyingi. Ushauri wangu: tafuta muuzaji akuuzie bodi tupu, hela inayobaki weka kwenye 50.

#5 Binti Pangani
Nakazia alichosema Fundi Kimara, ila niongeze kitu kwa wanaotaka kufuata njia ya Nikon ya @Tarakimu, maana mimi niliumia. Nilikuwa na D3200 hiyohiyo. Nikasikia 50mm f/1.8 ni nzuri nikaenda nikauziwa ile yenye herufi D mwishoni kwa sababu ilikuwa rahisi. Hakuna aliyeniambia kwamba D3200, D3100 na ndugu zake zote ndogo hazina mota ya fokasi ndani ya bodi. Lenzi ya D inategemea mota ya kamera. Kwa hiyo fokasi ilikuwa ni kuzungusha kwa mkono, na mimi nimegundua hayo bibi harusi anaingia ukumbini, MC anapiga kelele, watu wamesimama mbele yangu. Picha arobaini na kitu za kuingia, tatu tu ndo zilikuwa kali. Yule dada alilia na mimi nikalia.

Ukitaka Nikon ndogo chukua lenzi iliyoandikwa AF-S, hiyo ina mota yake. Canon hawana shida hiyo, lenzi zao za EF zinakuja na mota humohumo ndani, hata 1100D itafokasi yenyewe.

#6 Tarakimu
@Binti Pangani hapo sikujua, ahsante. Ila msimamo wangu wa 24 uko palepale, ukitaka kukata picha baadaye unahitaji nafasi ya kukata.

#7 Mwanza Rock
Mnamjazia dogo vyuma wakati hajasema anataka kupiga nini. Mimi nipo Mwanza, nawapigia picha wanaouza nguo na vyakula mtandaoni, mwaka wa pili huu, na natumia simu. Siyo ya bei mbaya. Wateja wangu hawajawahi kuniuliza natumia nini.

Siri iko dirishani. Natafuta dirisha ambalo jua haliingii moja kwa moja, naweka meza ubavuni kwa dirisha, nyuma nainamisha karatasi ya manila nyeupe kuanzia mezani mpaka ukutani ili kusiwe na kona. Manila nyingine naisimamisha upande ulio na kiza inarudisha mwanga. Flashi ya simu nimeisahau kama ipo. Nagusa kitu kwenye kioo nakibonyeza kwa muda mpaka fokasi na mwanga vijifunge, halafu napunguza mwanga kidogo kwa kidole. Naediti na Snapseed, ni ya bure. Lightroom ya simu nayo kamera yake inapiga ile RAW, yaani picha ghafi ambayo simu haijaichakata, kwa simu zinazokubali. Manila mbili ni buku. Naanza na picha tano kwa elfu kumi na tano, siyo nyingi ila haiishi.

#8 Mzee Mkanda
Shikamooni wakubwa, vijana marahaba. Mimi kazi hii nimeianza nikiwa mdogo kuliko huyu kijana, miaka ya themanini, Tanga. Enzi hizo mkanda mmoja picha 36 na mkanda wenyewe kuupata ni kuhangaika. Huwezi kubonyeza hovyo. Unamwangalia mtu, unamgeuza bega, unamwambia ainue kidevu, ndipo unabonyeza mara moja. Sikununua kamera, nilikaa kwa mzee mmoja nikimshikia taa na kusafisha picha kwenye chumba cha giza miaka miwili kabla hajaniachia nipige hata mtoto wa jirani.

Kijana usinunue kitu. Tafuta mtu wa kumshikia taa. Hata yule Mohamed Amin aliyeionyesha dunia njaa ya Ethiopia mwaka 1984 alianza na kijikamera cha mkononi cha Box Brownie akiwa mtoto, baadaye ndo akafungua kampuni yake ya Camerapix Nairobi.

#9 Kalamu ya Posta
Shikamoo mzee. Nirekebishe kidogo tu kwa heshima, Camerapix aliifungua hapa Dar es Salaam, 1963, akiwa na miaka 20. Nairobi alihamia baadaye. Amin alizaliwa Nairobi lakini amekulia hapahapa. Mimi habari hii inanipa nguvu sana, kwamba mtu aliyekuja kupoteza mkono Addis Ababa mwaka 1991 na bado akarudi kazini alianzia kwenye mitaa tunayopita kila siku.

#10 Mzee Mkanda
Marahaba @Kalamu ya Posta. Uko sahihi, ni Dar. Umri huu.

#11 Mkoloni wa Mbagala
Mzee Mkanda miaka miwili kushika taa si nitakuwa nimeota mvi 😀 vijana wa sasa tunataka wiki mbili.

#12 Pembe za Ndovu
Jamani niko Mombasa, hapa Moi Avenue pale kwenye Pembe kulikuwa na wapiga picha kila mahali, na Fort Jesus, na Likoni pale feri. Mjomba wangu alisomesha watoto wanne kwa kupiga wageni pale. Simu zilipokuja kila mtu akawa ajipiga mwenyewe, wengi walitoka. Walobaki ni nani? Ni wale walio na printa ndogo ya kubeba begani. Mtu ana picha elfu mbili kwa simu lakini hana hata moja ya kumpa mamake aweke ukutani. Mjomba yuwapiga, yuwaprinti papo hapo, yuwakabidhi. Kwa hivyo mimi nasema, wewe DogoYombo uko kwa steshenari ambapo printa iko mbele yako kila siku, hujaiona hiyo?

#13 Fundi Kimara
@Pembe za Ndovu hii ni hoja nzito. Na DogoYombo hujatujibu, umewahi kumwomba bosi hiyo kamera rasmi? Au umeona tu haitoki ukanyamaza?

#14 Nyuzi 45
Tuache falsafa kidogo, kama dogo ataenda Kariakoo aende na vitu hivi kichwani. Kwanza aende mchana, na memori kadi yake mwenyewe, asitegemee ya muuzaji. Atoe lenzi, amulike na tochi ya simu kwa nyuma huku akichungulia mbele, akiona nyuzinyuzi kama utando wa buibui hiyo ni fangasi, aondoke. Halafu afunge apacha, lile tundu la lenzi, mpaka f/16, apige ukuta mweupe au anga tupu, akuze picha, akiona madoa meusi sehemu zilezile kila picha hiyo senso (kile kipande cha ndani kinachopokea picha) ni chafu, hilo linasafishika ila ashushe bei nalo. Achomeke flashi ya nje aone inawaka. Mlango wa betri ufunge wenyewe bila gundi. Na aangalie namba ya shata, imepiga mara ngapi, ni kama kilomita za bodaboda. Namba hiyo inakaa ndani ya picha yenyewe, unaisoma kwa programu.

#15 Binti Pangani
@Nyuzi 45 nyongeza: kwenye Nikon ndo inakaa ndani ya picha. Canon nyingi haziandiki, 1100D ikiwemo, mpaka uunganishe kamera na laptop kwa waya na programu maalumu. Kwa hiyo muuzaji akikwambia "angalia picha utaiona" kwenye Canon, hajui anachokisema au anakuzuga.

#16 Nyuzi 45
Sawa dada, nimekubali. Basi aende na laptop ya rafiki.

#17 Mie wa Mkunazini
Assalaam aleikum. Mmeitaja fangasi mkaipita haraka, sie wa Unguja ndo ugonjwa wetu. Lenzi nimepoteza mbili. Huku hewa ina chumvi na unyevu, ukiiacha kamera kwenye begi lake la kitambaa kabatini miezi miwili ya masika, ukifungua ukungu ushaota. Na ukungu ule unatoa asidi, unakula ile rangi ya juu ya kioo, hata fundi akiusafisha alama inabaki. Sie tunatia kamera kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko wa kubana pamoja na mchele mkavu kwenye kitambaa.

#18 Fundi Kimara
Waaleikum salaam. Shehe wangu mchele hapana. Mchele unatoa vumbi la unga, likiingia kwenye pete ya lenzi umejiletea shida ya pili, na wenyewe unyevu haunyonyi kivile. Tumia silika, vile vipakiti vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, kusanya hata ishirini. Zile zenye rangi ni nzuri zaidi, ya bluu ikigeuka waridi imeshiba, unaikausha kwa moto mdogo inarudi bluu.

#19 Mie wa Mkunazini
Mchele wangu uko ndani ya kitambaa cha kanga kimeshonwa, vumbi litatokea wapi? Mwaka wa sita huu lenzi ya tatu haina hata doa.

#20 Mzee Mkanda
Sisi hatukuwa na silika wala mchele. Kamera ilikuwa haipati fungus kwa sababu ilikuwa inafanya kazi kila siku, inaona mwanga na hewa. Ukungu unapenda kitu kinacholala gizani.

#21 Mie wa Mkunazini
Mzee Tanga napo ni pwani lakini upepo wenu si kama wetu.

#22 Shuka la Kijani
Naomba nimwambie DogoYombo kitu kimoja cha moyoni. Usikope. Sijui kama umewaza lakini nitakwambia maana nilikuwa umri wako. Nilikopa laki sita kausha damu ninunue kamera nzuri zaidi ya uwezo, nikajipa moyo harusi mbili tu nimemaliza deni. Harusi ya kwanza kamati ikanilipa nusu, nusu wakasema baada ya kuona albamu, mpaka leo. Marejesho ni kila siku, huwezi kumwambia mtu wa kausha damu subiri kamati ikae. Kamera niliiuza mwezi wa pili kwa bei ya kutupa na deni likabaki. Nilikaa miaka mitatu nikiona mtu na kamera nageuza uso. Kama hela yako ni 420,000 basi ulimwengu wako ni huo 420,000, anzia hapo.

#23 DogoYombo
Wakuu ahsanteni sana, nasoma yote nikitoka kazini. @Shuka la Kijani pole sana, na kweli nilikuwa nimeshaulizia mkopo, nimeachana nao leo. @Fundi Kimara sijawahi kumwomba bosi, naogopa.

Nina swali jingine. Picha zangu za watu weusi tii kama mimi zinatoka na rangi ya majivu. Wateja wengine wananiambia "mbona nimepauka". Tatizo ni kamera, simu au mimi?

#24 Fundi Kimara
Hili swali lina thamani kuliko la kamera. Mita ya kamera yoyote, ile inayopima mwanga, ni kipofu wa rangi, inataka kila inachokiona kiwe kijivu cha wastani. Ukimpiga mtu mweusi aliyevaa suti nyeusi mbele ya ukuta wa kiza, yenyewe inadhani kuna giza, inaongeza mwanga, uso unapauka. Akija bibi harusi na shela jeupe inadhani kuna mwanga mwingi, inapunguza, uso unapotea kabisa. Kwa hiyo la kwanza unapunguza wewe mwenyewe kwa kile kitufe cha kujumlisha na kutoa, la pili unaongeza. Kamera haina habari kwamba huyo ni mama yako.

#25 Kalamu ya Posta
Kuna historia pia. Filamu za rangi zilipimwa kwa ngozi ya kizungu, maabara za Kodak zilikuwa na kadi ya kupimia rangi yenye picha ya mwanamke wa kizungu, wakiiita Shirley, kama yeye katoka vizuri basi rangi iko sawa. Kadi zenye watu wa rangi mbalimbali zilikuja miaka ya tisini. Kwa miaka mingi sisi tulikuwa nje ya hesabu. Kwa hiyo dogo usijilaumu peke yako.

#26 Mzee Mkanda
Lakini mwanangu @Kalamu ya Posta, filamu hizohizo ndizo tulizopigia watu weusi na wakatoka wanang'aa kama mpingo. Ni mwanga. Ngozi nyeusi usiimulike usoni moja kwa moja, inataka mwanga wa ubavuni, uteleze kwenye shavu. Mweke mtu barazani, mlango au uwazi uwe upande mmoja, saa kumi jioni. Saa sita mchana jua liko utosini, macho yanakuwa mashimo, hapo hata kamera ya milioni kumi haikusaidii.

#27 Mama Poda
Mimi ni mpambaji, Sinza, na nawaona wapiga picha wanavyolaumiwa kwa kosa letu. Ile poda nyeupe ya kumalizia, ikipigwa na flashi inarudisha mwanga, bibi harusi anatoka kama kamwagiwa unga usoni na shingo yake nyeusi. Kwa macho hamuoni, flashi ikiwaka ndo unaona. Siku hizi nikimaliza kupamba nampiga kwanza mwenyewe na flashi ya simu kabla hajatoka. Wapiga picha ongeeni na wapambaji, tuko kwenye kazi moja.

#28 Mwanza Rock
Na simu nazo zina ile bjuti modi, inakuja imewashwa, inasugua uso na kuweupisha bila kuulizwa. Dogo nenda kwenye mipangilio izime leo.

#29 Tarakimu
Mi bado naona senso mpya zinashika rangi ya ngozi vizuri kuliko za 2011, mita na flashi siyo kila kitu.

#30 Fundi Kimara
Tarakimu wewe na vitu vipya 😀 Nionyeshe picha mbili za mtu mmoja, dirisha moja, kamera ya 2011 na ya mwaka jana, tuone watu watabashiri ipi ni ipi.

#31 Hidaya wa Magomeni
Hamjambo. Nimeona wote mnaongea harusi kama vile wanaopiga ni wanaume tu. Mimi nilianza nikiwa na miaka 19, nyumbani walisema kamera ni kazi ya kihuni, binti anarudi saa nane usiku na watu asiowajua. Mtaani napo "hilo likamera hulichoki?". Nilichogundua ni hiki, kwenye shughuli zetu za pwani kuna upande wa wanawake ambako mwanaume haingii na simu zinaachwa mlangoni, na wale akina mama wamevaa hasa, wamejipaka hina mpaka kwenye kiwiko, na hakuna mtu wa kuwapiga. Wananilipa kwa moyo na wananiamini kwa sababu wanajua picha haitoki. Nina utaratibu, namaliza, nawakabidhi, nafuta mbele yao, hakuna cha kurusha Instagram kujitangaza. Nimekosa matangazo lakini sijakosa wateja, mama mmoja anamwambia mwenzie. Kamera yangu ya kwanza ilikuwa 1100D hiyohiyo mnayoibishania na ilinifikisha miaka mitatu.

Kwa hiyo mabinti mnaosoma kimya kimya, njooni, kazi ipo.

#32 Binti Pangani
Hidaya umenipa kitu leo. Hilo la kufuta mbele yao nalichukua. Mie mwenzio huwa naweka hata nakala mbili kwa kuogopa kadi kufa.

#33 Hidaya wa Magomeni
Nakala naweka mpaka wapokee zao, nawaambia tangu mwanzo. Kadi kweli inakufa, usitumie kadi moja kubwa shughuli nzima, gawa kwenye ndogo mbili tatu.

#34 Nyuzi 45
Na pesa jamani, pesa! Nusu kabla, nusu siku yenyewe kabla ya keki. Baada ya keki kamati inatawanyika, mwenyekiti hapokei simu. Andika karatasi hata ya daftari, idadi ya picha, siku ya kukabidhi, sahihi.

#35 Mkoloni wa Mbagala
Swali la pembeni, mtaani nikitoa kamera watu wanakuja juu, mama lishe mmoja alinifukuza na mwiko akasema nataka kwenda kumuuza mtandaoni.

#36 Mwanza Rock
Yuko sahihi huyo mama. Kula kwanza chakula chake, ongea naye, rudi kesho, omba, halafu mpelekee picha. Na kambi za jeshi usielekeze hata lenzi.

#37 Kalamu ya Posta
DogoYombo nimekumbuka mtu wa kukutia moyo. Samuel Fosso, kazaliwa Kameruni 1962, utoto wake Nigeria, baada ya vita ya Biafra mjomba wake akampeleka Bangui, Jamhuri ya Afrika ya Kati. Mwaka 1975, ana miaka 13, akafungua studio yake. Mchana anapiga wateja, pasipoti na picha za familia. Mkanda ukibaki picha chache haziwezi kusubiri kwa sababu wateja wanataka zao kesho, basi usiku anajipiga mwenyewe, anavaa anavyotaka, anamtumia bibi yake picha ajue mjukuu mzima. Hizo picha za mabaki ya mkanda leo ziko kwenye makumbusho makubwa duniani. Yeye alikuwa na chumba, taa, na mkanda uliobaki. Wewe una duka lenye kitambaa cha bluu ukutani.

#38 Pembe za Ndovu
Na printa! Nilisema mimi kwanza.

#39 DogoYombo
Wakuu nimerudi, ni wiki ya tatu sasa.

Kariakoo nilienda na laptop ya rafiki na tochi. Lenzi ilikuwa na ule utando kabisa kama alivyosema @Nyuzi 45, muuzaji akasema ni vumbi, akashusha mpaka laki mbili na tisini, nikatoka. Roho iliniuma maana nilishaishika mkononi.

Halafu nikamwomba bosi. Alicheka akanyamaza siku mbili. Siku ya tatu akasema Jumapili jioni nikifagia duka na kupanga stoo naweza kuitumia, ila isivuke kizingiti. Basi isipovuka mimi nikasogeza kiti mpaka kizingitini. Mlango ule ni mpana na barabara iko mbali kidogo. Kitambaa cha bluu nimekitoa nikaweka shuka la mama la rangi ya udongo. Jumapili ya kwanza walikuja watoto tu. Ya pili akaja bibi anayeuza maandazi na mume wake, wamekaa pamoja miaka mingi hawana picha hata moja ya wawili, nikawaprintia saizi ya A5 elfu mbili, yule mzee aliishika akaipeleka kwenye mwanga wa nje akaiangalia muda mrefu. Jana nimeprinti kumi na moja. Bosi anachukua nusu, sawa tu.

Jumamosi nne zijazo namshikia riflekta (ule ubao wa kurudisha mwanga) Binti Pangani, tumeongea PM. Hela bado iko kwenye kibubu. Nimeambatanisha picha tatu, nisemeni bila huruma.

#40 Tarakimu
Hongera dogo. Ya kwanza imekatwa kidole. Na D3200 bado zipo, nimeiona moja na AF-S yake.

#41 Fundi Kimara
Tarakimu jamani. Dogo, bodi tupu na 50, usisahau. Ila usiharakishe.

#42 Mie wa Mkunazini
Na ukinunua, mchele.

#43 Fundi Kimara
Silika!

#44 Mzee Mkanda
Kijana, picha ya tatu, huyo bibi wa maandazi na mzee wake. Mlango uko upande gani?

#45 DogoYombo
Kushoto kwa bibi, mzee. Saa kumi na nusu jioni.

#46 Mzee Mkanda
Nimeona. Wiki ijayo msogeze mzee mbele kwa kiganja kimoja, bega la bibi linamwibia mwanga. Halafu uniwekee tena hapa.